Mwandiko wa wachoraji: kwa nini mchoro wa kunakili si feki

Binamu yangu anayeishi Brussels alirusha picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ni mchoro wa kijana aliye uchi, ameketi, kiwiliwili kimepinda kama mtu aliyeitwa ghafla kutoka nyuma. Umechorwa kwa chaki nyekundu kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Kona ya chini pana maandishi ya wino uliofifia: d'après Michel-Ange. Aliununua kwenye soko la vitu vya kale mtaa wa Marolles, muuzaji akamwambia ni "akademia ya Kifaransa, ya kale, imetoka kwa bingwa". Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nimepata au nimepigwa?"

Nusu saa haikupita, kundi likawaka moto. Mmoja aliona jina la Michelangelo (Wafaransa humwita Michel-Ange), bingwa wa sanaa wa Italia, akaanza kumhesabia binamu mamilioni. Mwingine aliyapeleka maandishi kwenye programu ya kutafsiri, ikamletea "baada ya Michelangelo", akatangaza kwamba mchoro ulifanywa bingwa alipokwisha kufa. Wa tatu akasema kopi ni kopi, na kopi ni feki, mazungumzo yafungwe. Shangazi hayo yote hayakumhusu. Alichotaka ni mchoro usitundikwe sebuleni.

Wote walikosea, isipokuwa labda shangazi, maana sebule si yangu.

Nusu ya mkanganyiko imo kwenye maneno, kwa hiyo tuanzie hapo. Mwaka 1648 wachoraji na wachongaji wa Paris, Charles Le Brun akiwa mmoja wao, waliunda Akademia ya Kifalme ya uchoraji na uchongaji. Ilikuwa chama cha wasanii na shule kwa pamoja, na somo lililopewa uzito kuliko yote lilikuwa kuchora mwili wa binadamu. Zoezi likachukua jina la mahali: mchoro mmoja wa mtu mzima aliye uchi, uliofanywa kama mafunzo, Wafaransa wanauita une académie. Jambo la namna hiyo tunalo hata sisi. Tingatinga lilikuwa jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, na leo ni jina la picha yenyewe. Kwa hiyo muuzaji anaposema "akademia" hasemi kwamba mchoro una cheti cha chuo, wala kwamba una utafiti ndani yake. Anataja aina ya mchoro, basi.

Neno "kale" nalo linatega. Kwa muuzaji, kale ni umri wa karatasi. Kwa mwalimu wa Akademia, kale, yaani l'antique, ni sanamu za Wagiriki na Warumi. Mchoro ulioandikwa d'après l'antique ni mchoro wa sanamu ya namna hiyo, na unaweza kuwa umechorwa juzi. Nimeona watu wakibishana kwa ukali kuhusu neno hili, kumbe kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Sasa lile lililoleta vita: d'après. Halihusu saa wala kalenda. Maana yake ni "kwa kufuata", au kwa Kiswahili kizuri zaidi, "kwa kufuatisha". D'après Michel-Ange ni kusema: mkono ni wangu, umbo ni la Michelangelo. Ni maneno ya ukweli, tena yameandikwa na mwenye mchoro mwenyewe au na aliyeuhifadhi baadaye. Aliyesoma jina la bingwa pale akadhani ni saini amesoma lebo ya chupa akaichukua kuwa jina la mwenye duka.

Lakini kwa nini mtu akae siku nzima, pengine wiki, anafuatisha kitu ambacho tayari kipo?

Kumbuka darasa la kwanza na la pili. Mwalimu aliandika sentensi ubaoni kwa herufi za kupendeza, nawe ukaihamishia kwenye daftari la mistari miwili, ulimi nje, penseli imebanwa hadi kidole kinauma. Lile somo liliitwa mwandiko. Hakuna mzazi aliyefungua daftari akamwambia mtoto, "Hii sentensi umemwibia mwalimu." Baada ya mwandiko ikaja imla: mwalimu anasoma, huoni tena herufi, unasikia tu na lazima uandike kabla sauti haijapita. Mwishowe insha, ambapo mada, maneno na mpangilio vyote ni juu yako.

Mafunzo ya uchoraji Ufaransa yalipanda ngazi hizohizo. Mwandiko wao ulikuwa kunakili michoro na picha za kuchapwa za mabingwa: kwanza jicho peke yake, pua peke yake, sikio, mkono, mguu, ndipo mwili mzima. Karatasi ni bapa na mchoro ni bapa, kwa hiyo tatizo gumu kuliko yote, la kugeuza kitu chenye kina kuwa mistari, bingwa alikwisha kukutatulia. Wewe unajifunza jibu lake. Ngazi ya pili ilikuwa sanamu za plasta, ambazo zina kina lakini zina huruma: hazichoki, hazipumui, kivuli chake hakihami mradi taa haijahamishwa. Imla ilikuwa modeli, mtu hai anayelipwa akae uchi mbele ya darasa. Huyu hutetemeka, bega linashuka taratibu, na usipomwandika sasa amekwisha kupita. Ndiyo maana katika michoro mingi ya namna hii utaona mtu ameshika kamba inayotoka juu au ameegemea fimbo ndefu. Si silaha, wala si hadithi ya Biblia. Ni vya kumsaidia asiuangushe mkono kabla saa haijaisha.

Insha yao ilikuwa kutunga picha kubwa yenye watu wengi na kisa ndani yake, na kilele chake kikawa shindano la Prix de Rome. Mshindi alipelekwa Roma kwa gharama ya serikali, kwenye tawi la Akademia lililofunguliwa huko mwaka 1666. Akifika Roma alifanya nini? Alinakili. Vijana wale walitakiwa kutengeneza nakala za kazi kubwa za Italia kwa ajili ya mfalme. Yaani umefaulu insha ya taifa, unapewa zawadi ya kurudi kwenye mwandiko. Kwetu inachekesha, kwao ilikuwa heshima.

Njia ya kunakili yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana wengi wanadhani ni kuweka karatasi juu ya karatasi na kupitisha penseli. Hapana. Kielelezo kinasimamishwa pembeni, karatasi yako iko kando. Unaning'iniza uzi wenye risasi ya timazi, kama fundi mwashi anayeangalia kama ukuta umesimama, na unajiuliza: uzi ukipita kwenye shimo la shingo, chini unaangukia wapi? Kwenye kifundo cha mguu wa kulia? Weka alama. Kisha unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unapima kichwa kwa penseli na kuhesabu vichwa vingapi vinaingia hadi kiunoni. Mstari wa kwanza unaouchora haupindi hata kidogo. Mgongo wote wa kijana unakuwa mistari mitatu au minne iliyonyooka, kama paa la banda. Mviringo unakuja baadaye, kivuli baadaye zaidi. Aliyekosea kwa mkaa alifuta kwa kipande laini cha ndani ya mkate, na hadithi za wanafunzi maskini waliokula ufutio wao hazishangazi.

Hatua hizi zimechapwa waziwazi kwenye kozi ya kuchora iliyotolewa na mchoraji Charles Bargue akishirikiana na mchoraji mwenzake Jean-Léon Gérôme, kuanzia miaka ya mwisho ya 1860, chini ya kampuni ya Goupil ya Paris. Ina vielelezo 197: 70 vya sanamu za plasta, 67 vya kufuatisha mabingwa, na 60 vya watu uchi kwa mkaa. Katika vielelezo vingi vya sehemu ya kwanza umbo limechorwa mara mbili: upande mmoja mifupa ya mistari iliyonyooka, upande wa pili kazi iliyokamilika. Mwalimu amekufunulia jiko lake.

Hapa ndipo mtu anayesema "msanii wa kweli hanakili" anapopata taabu. Mwaka 1880, akiwa na miaka 27, Vincent van Gogh aliishi kwenye eneo la machimbo ya makaa ya mawe Ubelgiji, hana kazi, ameamua kuwa mchoraji. Aliazima kozi ya Bargue na kuifuatisha karatasi kwa karatasi, na zile 60 za mkaa alizirudia tena na tena. Vuli ya mwaka huo alihamia Brussels, mji uleule wa binamu yangu. Miaka 10 baadaye, katika miezi ya mwisho ya maisha yake, wakati alizeti na nyota zake zimekwisha kuchorwa, alimwandikia ndugu yake Theo akitaka zile karatasi 60 azinakili upya. Picasso naye akiwa mwanafunzi alipita kwenye vielelezo hivyohivyo. Edgar Degas, mchoraji wa Paris, alijiandikisha kuwa mnakili kwenye makumbusho ya Louvre ya mji huo mwaka 1853.

Na Michelangelo mwenyewe? Alipokuwa kijana alinakili maumbo ya Giotto na ya Masaccio, mabingwa wa Italia waliomtangulia, na baadhi ya karatasi hizo zipo hadi leo. Vasari, aliyeandika maisha yake, anasimulia zaidi: kijana huyo alikuwa akiazima michoro ya mabingwa wa zamani, anainakili, anaitia moshi ili ionekane imezeeka, kisha anarudisha nakala na kubaki na ile ya asili. Mwenye mali hajui. Hapo sasa tuna feki. Tazama kilichobadilika: si mstari, si ustadi, bali moshi na kunyamaza. Mchoro uleule ungekuwa zoezi halali kama angeandika chini "kwa kufuatisha fulani". Feki haiko kwenye mkono unaonakili, iko kwenye mdomo unaoficha. Makumbusho ya Louvre yanalijua hilo vizuri. Mpaka leo yanaruhusu watu kuweka turubai mbele ya picha na kunakili, kwa masharti: nakala iwe kubwa au ndogo kuliko picha ya asili, na saini ya bingwa isinakiliwe.

Karne ya 19 iliichukulia nakala kwa uzito kiasi kwamba Paris ilifungua makumbusho ya nakala tupu. Mtu wa nyuma ya mpango huo aliitwa Charles Blanc, na mwaka 1873 umma uliingia kutazama. Hayakudumu hata mwaka. Fikiri hali ya wakati huo: picha za rangi za kamera bado hazijaenea, safari ya Roma ni ya wachache, na dari ya kanisa la Sistina huko Vatikani, aliyoichora Michelangelo, iko mita 20 hivi juu ya kichwa chako. Nakala ndiyo iliyokuwa intaneti yao.

Turudi kwa shangazi na suala la uchi. Darasa la modeli halikuwa mahali pa starehe. Lilikuwa chumba cha vijana wa kiume waliobanana kwenye mabenchi, wakimtazama mwanamume mwenzao anayelipwa. Shabaha ilikuwa mifupa na misuli, kwa sababu waliamini kwamba huwezi kumvika mtu nguo kwenye picha kama hujui kilicho chini ya nguo. Unaweza kukubali au kukataa, lakini ndivyo walivyofikiri. Kilichonikera mimi katika historia hii si uchi, ni mlango. Wanawake walizuiwa darasa hilo kwa karne mbili na zaidi. Shule ya serikali ya Paris, École des Beaux-Arts, iliwafungulia mwaka 1897 tu. Kabla ya hapo msichana mwenye kipaji angeweza kumlipa mwalimu binafsi, au kwenda Louvre kunakili, kama mchoraji Berthe Morisot alivyofanya miaka ya 1850. Kwa wengine mwandiko ulikuwa darasa la kwanza, kwa wengine ndiyo shule yote waliyoruhusiwa. Mchoro usio na jina usikufanye umfikirie mwanamume moja kwa moja.

Basi mchoro wa binamu ni nini?

Nilimwomba apige picha kwa karibu, mchana, bila taa ya simu. Swali la kwanza halikuwa "ni wa nani" bali "ni mchoro kweli?" Katika karne ya 18 mafundi wa Paris kama Gilles Demarteau waliendeleza namna ya kuchapa kwa shaba iliyoiga chaki nyekundu hivi kwamba ukiweka kwenye fremu utaapa ni mkono. Mashine nyingi zimefanya hivyo baadaye, na vielelezo vya Bargue vyenyewe, ambavyo ni chapa za jiwe, huuzwa mara kwa mara kama michoro. Ukitumia kioo cha kukuza, chaki halisi hukaa juu ya vilima vya karatasi na kuruka mabonde, ina vumbi, na pengine imesuguka palipopita kidole. Chapa ya shaba ina vidoto vya wino, na mara nyingi ina alama ya kubonyea pembezoni palipokandamizwa na bamba. Ya binamu ilikuwa na vumbi. Ni mchoro.

Kisha nikaitafuta dari ya Sistina, iliyochorwa kati ya 1508 na 1512. Kando ya visa vya kitabu cha Mwanzo wameketi vijana 20 walio uchi, na kijana wetu ni mmoja wao, bila shaka. Ila kuna kitu: yule wa darini amegeukia upande mmoja, wa binamu amegeukia upande wa pili, kama mtu na kioo chake. Jambo hili dogo linasema mengi. Picha ikichongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa, hutoka imegeuzwa, kama fundi wa kuchapa hakujisumbua kuigeuza kwanza. Aliyechora karatasi ya Marolles huenda hakuwahi kusimama chini ya dari ile. Alikuwa na chapa mezani.

Lakini mchoro wa chaki nao huweza kugeuka kwa njia nyingine: unalowanisha karatasi nyeupe, unaikandamiza juu ya mchoro, na vumbi la chaki linahamia upande wa pili. Unapata pacha aliyepinduka. Nitajuaje? Kwa kuangalia mistari ya vivuli. Mtu anayetumia mkono wa kulia hupiga mistari ya haraka inayopanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Jaribu sasa hivi kwenye risiti yoyote. Kwenye pacha wa kukandamiza mistari hiyo ingelala upande wa kinyume, labda mchoraji awe wa mkono wa kushoto. Ya binamu inapanda kulia, ina giza na imebonyea karatasi. Kwa hiyo: mkono wa kulia, chaki halisi, umefuatisha chapa ya kazi ya Michelangelo.

Karatasi alipoielekeza dirishani ilionyesha mistari myembamba iliyopangana kama ya mkeka, alama ya kitunga cha waya kilichochota rojo ya karatasi. Watu wengi hushangilia hapo na kutangaza karne ya 17. Wasubiri kidogo, kwa kuwa karatasi za mistari ziliendelea kutengenezwa kwa wachoraji karne nzima ya 19 na hata baadaye. Mistari inaruhusu ukale, haiuthibitishi. Nilimwambia aridhike na "mchoro wa mafunzo wa Kifaransa", tarehe aiache wazi mpaka mjuzi aishike kwa mkono.

Bei? Akademia zilichorwa kwa wingi, kila juma, na vizazi vya wanafunzi ambao wengi wao hawakupata jina. Umri peke yake haufanyi mali, la sivyo kila kinu cha bibi kingekuwa kwenye mnada. Anayenunua hulipia ubora wa mkono, hali ya karatasi, na historia ya nani aliimiliki, ambayo mara nyingine huonekana kwa mihuri midogo ya wakusanyaji. Soko lina ngazi zake za maneno pia: "karakana ya" bingwa ni kusema alikuwa karibu, "mfuasi wa" yuko mbali zaidi, na "kwa kufuatisha" huahidi umbo tu. Binamu alilipa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Hakupigwa.

Nilimpa na maonyo machache. Asibandike gundi ya plastiki, asifute madoa ya kutu kwa kifutio, na kioo cha fremu kisiguse chaki, maana kitaibeba. Angekuwa Mombasa au Tanga ningemwonya kuhusu unyevunyevu kabla ya yote.

Jana alitutumia picha nyingine. Alikuwa ameitoa karatasi kwenye kadibodi ya nyuma, na upande wa pili kulikuwa na mchoro ambao hakuna aliyejua kama upo: mguu, wayo na kisigino, umerudiwa mara tatu. Wa kwanza ni kama kiatu. Wa pili umekatwa kwa mstari mzito, mweusi, wa mkono mwingine usio na papara, ukionyesha kifundo kilipaswa kukaa wapi. Wa tatu una mifupa. Kundi zima lilinyamaza, kisha shangazi akaandika: "Huo wa miguu ndio utundikwe."